Ukope wa Chini

Kila Jumatatu Fargeas mnunuzi alikuja na Pijo lake la kijivu,
akaingia bandani bila hodi,
akamshika ndama taya kama mtu amtazamaye mtoto jino,
na kwa dole gumba akauvuta chini ukope wa chini.
Humo, alisema, ndimo inamosomwa nyama.
Ukope mweupe kama ganda la yai: nyama nyeupe, bei njema.
Ukionekana uzi mwekundu, hata mmoja,
Fargeas alikohoa,
na baba alikijua kikohozi kile.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ndama hujengwa kama ukuta:
maziwa alfajiri, maziwa jioni,
kwanza ya mama yake, Pervenche, na yakikauka
ya ng'ombe wa pili, tuliyemwita shangazi.
Katikati ya maziwa na maziwa, kiza,
na nyasi kavu za kulalia asizoweza kuzila
kwa kuwa alifungwa kikapu cha waya mdomoni.
Paja lilijaa. Mgongo ukapanuka, ukafanya mfereji;
bibi Zélie alisema ungemwaga supu pale usipoteze tone.
Baba hakujisifu. Paja, alisema, ni la fahali.
Wembamba wa mfupa ni wa Pervenche.
Mafuta ya figoni ni ya maziwa.
Kilichobaki ni chetu,
na ndicho kiharibikacho.

Kilichobaki kilikuwa mimi.

Jumapili ya Mei, wakubwa wako misani,
nilikifungua kikapu.
Hakuwa na jina; kwetu wa kuuzwa hapewi jina.
Mlangoni alisimama, jua likamtia chafya.
Kisha akainua mkia akakimbia,
miguu minne kila mmoja na safari yake,
hadi nyuma ya ghala, kwenye klova,
akala kwa sauti.
Jumapili nne. Nilimrudisha kila mara
kabla kengele ya pili haijalia.

Fargeas hakukohoa siku ile.
Aliuvuta ukope, akauachia, akauvuta tena.
"Chuma," alisema. "Huyu amekula chuma."
Nami, mjinga, nikatazama sakafuni nikihesabu misumari.
Baba alitazama kikapu.
Alitazama fundo langu, fundo la kamba za viatu,
si fundo lake.
Akakaa kimya muda wa kuvuta sigara nusu.
"Ni maji ya kisima," akasema.
Tulikuwa na kisima kipya, ni kweli. Tulikuwa na kisima.
Bei ikashuka kwa theluthi,
na majira ya baridi yale nilivaa buti za kaka yangu
zilizojazwa karatasi.

Leo nina koti jeupe, na chumba cha nyuzi mbili za baridi.
Wanapita mbele yangu kwenye kulabu, nusu kwa nusu,
nami nawapa herufi ya umbo, tarakimu ya rangi.
Paja la mviringo, kiuno kipana, herufi ya juu.
Aliyesafirishwa usiku kucha akitetemeka
hufika sukari ya mnofu imekwisha,
nyama yake hukaza, hupiga weusi;
huyo namjua kwa mbali.
Wa majani ni mwingine. Wekundu wake hauna hofu.

Mwezi wa Machi ulikuja wa mwisho wa baba.
Ana miaka themanini na moja, anafunga banda.
Umbo zuri kuliko yote ya wiki ile;
mgongo wa kuwekea supu.
Nikawasha taa, nikasogea.
Rangi: nne. Nyekundu kama shavu la mtoto aliyekimbia.
Niliandika nne. Sijawahi kudanganya kwenye fomu.

Jioni nikampigia simu.
Nilimsikia akishusha redio.
"Baba, yule ndama..."
"Najua," akasema. "Ni maji ya kisima."